Jina Midomoni mwa Zelinda

Nives Gualandi alishuka kwenye treni pale Avenza akiwa na mkoba mmoja begani, na ndani ya mkoba huo hamkuwa na karatasi hata moja ya kutiwa saini. Karatasi aliziacha Bologna kwa makusudi, kwenye droo ya meza yake ya kazi. Alichobeba ni sweta, chupa ya mvinyo wa kwao, na diski moja ndani ya kasha jeupe lisilo na picha wala maandishi.

Ivano Vatteroni alikuwa anamsubiri nje ya stesheni, ameegemea gari lake la mizigo, mikono mifukoni. Ilikuwa Jumapili, amevaa shati safi, lakini kwenye nyusi zake kulikuwa bado na vumbi jeupe la marumaru, lile ambalo Nives alishaamini kwamba halitoki hata kwa sabuni. Alipomwona, Ivano hakupunga mkono. Alitabasamu tu, polepole, kama mtu anayefungua dirisha asubuhi, na Nives akajikuta anaweka nywele sawa. Mwanamke wa miaka thelathini na tisa, alijisema moyoni, na bado unajipamba kama mwanafunzi.

Walikuwa wamejuana tangu majira ya baridi, na wote wawili walijua kwamba hawakujuana kwa njia iliyonyooka.

Nives alifanya kazi kwenye kampuni ndogo inayotoa kwenye diski zile sinema za baada ya vita, zilizopigwa mitaani na watu wa kawaida, mafundi, wafua nguo na wachimba mawe, badala ya waigizaji wa mjini. Ni sinema ambazo kila mtu Italia anazisifu na wachache wanazo nyumbani. Nyingi zilibaki kwenye kanda zilizorekodiwa kutoka kwenye televisheni, nakala ya nakala, nyuso zimefifia kama unazitazama kupitia mvuke wa sufuria. Na katika zote hizo, hakuna iliyouliziwa na wateja zaidi ya *Maji ya Torano*, hadithi ya msichana anayewapelekea maji wachimba marumaru juu ya Carrara. Haikuwahi kuuzwa, si kwa kanda wala kwa diski. Aliyeitengeneza, bwana mmoja wa Roma asiye na mtoto, alipofariki alimwachia sinema yote yule msichana aliyebeba ndoo.

Msichana huyo alikuwa Zelinda, mama yake Ivano. Kila aliyempigia simu kuomba ruhusa alipewa jibu moja: muulizeni mume wangu. Na jibu la mume, Mzee Oreste, lilikuwa kufunga mlango.

Nives naye alifungiwa mlango huo mwezi Januari, kwenye mvua. Ivano alimkuta kwenye uwanja wa kijiji chao cha Torano akiwa na viatu vilivyolowa chapachapa, akamwambia kwamba baba yake si mtu mbaya, ila kwa jambo hilo moja tu ana kichwa cha jiwe. Akajitolea kumpeleka stesheni. Njia ya stesheni siku hiyo ilipita kwenye mkahawa, kisha ufukweni Marina, kisha kwenye mkahawa mwingine. Wiki chache baadaye Ivano alitokea Bologna na kinu cha marumaru cha kutwangia viungo, akasema alikuwa anapita tu. Hakuna mtu anayepita Bologna na kinu mkononi. Nives alicheka mpaka machozi, akamkaribisha ndani, na tangu siku hiyo hakuna kati yao aliyehitaji kisingizio tena.

Sasa gari lilikuwa linapanda kona za kuelekea Torano, na milima ya machimbo iling'aa mbele yao.

“Baba amekubali ule kwetu,” Ivano alisema. “Ila ana sharti.”

“Sinema.”

“Ukiitaja tu, anaondoka mezani. Na alisema hivyo wakati ananyoa ndevu. Baba akisema neno wakati ananyoa, ujue amelifikiria.”

Nives alimhakikishia kwamba hataitaja. Ivano akaendesha, akibadilisha gia zaidi ya ilivyohitajika, na Nives akajua kuna jambo linamkaa kooni.

“Nikuulize kitu, usinikasirikie. Tuseme baba hakubali kamwe. Mama hatii saini mpaka tunawazika wote wawili. Utaendelea kuja Torano?”

Ilimpasa kujibu hapo hapo. Alijua ilimpasa. Lakini swali lilimkuta mkono wake uko juu ya mkoba, juu ya kasha jeupe, na ulimi ukamganda. Kimya hicho kilikuwa kifupi, lakini Ivano alikisikia chote.

“Basi,” alisema. “Nimeelewa.”

“Hujaelewa.”

“Baba anasema ulifungiwa mlango ukapita dirishani.” Hakupandisha sauti. Ivano hakuwa mtu wa kupandisha sauti, na hilo ndilo lililouma. “Nimekuwa nikimbishia. Ila naona kama mimi ndiye hilo dirisha.”

Nives aligeuza uso akatazama nje. Angeweza kumwambia kwamba amekuja bila karatasi. Lakini kumwambia sasa, baada ya kimya kile, kungekuwa kama kujitetea mbele ya hakimu, naye hakutaka mapenzi ya mahakamani. Akajikaza kisabuni, na walipofika uwanjani Torano alishuka mwenyewe bila kusubiri afunguliwe mlango.

Zelinda alimpokea mlangoni kwa mabusu mawili na mikono yenye harufu ya limau. Alikuwa mama mwenye umbo dogo, nywele nyeupe amezibana nyuma, na mgongo wake ulikuwa umenyooka kama bado amebeba ndoo kichwani. Alimtazama Nives, akamtazama mwanawe anayefunga gari kwa nguvu kupita kiasi, akaguna kidogo. Hakuuliza. Alimwongoza mgeni ndani, akamwonyesha pa kuweka mkoba, akamwambia asikae kiti kile cha dirishani kwa sababu kina mguu mbovu na Oreste anaahidi kukitengeneza kila Pasaka.

Mzee Oreste alikuwa ameshaketi mbele ya meza. Mwili mkubwa, sharubu za kijivu, mkono wa kulia umekatika ncha ya kidole, zawadi ya machimbo. Alimwamkia Nives kwa adabu kamili, adabu ya mtu anayehesabu maneno. Zelinda alileta mkate na vipande vyembamba vya mafuta ya nguruwe yaliyolazwa kwa chumvi ndani ya sanduku la marumaru, kisha tambi za maharage, kisha sungura wa zeituni.

“Nasikia kwenu Bologna,” Mzee Oreste alisema hatimaye, “hata nyama mnaifunga ndani ya unga. Kama mnaificha.”

“Tunaificha wageni wasiione, Mzee,” Nives alimjibu. “Wakiiona wataila yote.”

Sharubu za mzee zilicheza. Haikuwa kicheko, lakini ilikuwa jirani yake. Ivano aliinua macho kutoka kwenye sahani kwa mara ya kwanza, na macho yao yakakutana juu ya chupa ya mvinyo, na yote yakakimbia. Zelinda aliona. Mama aliyekaa meza moja na watu wawili wanaopendana na kununiana haoni kitu kingine.

Chakula kilipokwisha, ni Zelinda mwenyewe aliyevunja sharti. Aliuliza, huku anakusanya makombo kwa kiganja, ni nini hicho kinachomfanya Nives autazame mkoba wake kila mara kama una kifaranga ndani.

Nives aliushika mkoba. “Ni zawadi yako, Mama Zelinda. Lakini nimekatazwa kuitaja.”

Wote walimtazama Mzee Oreste. Mzee alikunja kitambaa chake cha mezani pande nne, akakiweka kando ya sahani, akasimama. Hakuonekana na hasira. Alionekana kama mtu anayetii amri aliyojipa zamani sana.

“Nina maharage ya kuchuma,” alisema, akatoka kwenda bustanini.

Ivano alisonya kwa chini. Nives alitaka ardhi immeze. Lakini Zelinda alikuwa ameshafuta mikono, ameshaketi kwenye kochi mbele ya televisheni, na alimwambia mwanawe awashe hiyo deki aliyowanunulia Krismasi, ambayo mpaka leo ilikuwa inatumika kuwekea vitambaa tu.

Nives aliingiza diski. Aliwaeleza kwamba hiyo ni nakala ya majaribio tu, imetolewa kwenye mkanda mzima uliotunzwa vizuri nje ya nchi, nayo haina hata kasha la kuuzia. Hakuna aliyeiona bado isipokuwa yeye na fundi wake.

Milima ilitokea kwenye kioo, nyeusi na nyeupe, safi kana kwamba imeoshwa jana. Kisha njia ya mawe. Kisha msichana mwenye ndoo, anapanda, anakuja kuwaelekea mpaka uso wake ukajaa kwenye kioo chote.

Zelinda aliweka mkono shavuni, kwenye shavu lile lile lililokuwa mbele yake, laini na lenye tope kidogo. Kisha akaanza kuwataja waliopita nyuma ya msichana. Yule ni Argia, mwenye kitambaa, ambaye alikuwa anaimba vibaya kuliko wote. Yule ni fundi Guglielmo na nyumbu wake. Nyumbu huyo alikuwa anauma. Kwenye kanda za zamani watu hao walikuwa madoa tu, na sasa walirudi mmoja mmoja wakiwa na nyusi na vifungo vya mashati. Ivano alisogea akakaa kwenye mkono wa kochi. Alikuwa hajawahi kumwona mama yake akiwa msichana namna ile, na Nives alimwona akifuta pua kwa siri, na moyo wake ukamlainikia hata kabla hajaamua kumsamehe.

Kisha msichana wa kwenye kioo akafungua mdomo, akazungumza, na uso wa Zelinda ukajifunga.

“Unasikia? Hiyo si sauti yangu.”

Nives aliijua habari hiyo kama habari ya kazi. Sinema zile zilipigwa bila sauti, kisha watu wengine wakaitwa studio kule Roma kutia maneno. Aliwahi hata kuiandika kwenye vijitabu vya ndani ya makasha. Hakuwahi kufikiria ina maana gani kwa mtu mwenye mdomo.

Zelinda alisema waliambiwa baadaye kwamba lugha ya Torano haitaeleweka hata Firenze. Kwa hiyo uso wakachukua wake, na maneno wakampa mwanamke wa Roma ambaye yeye hajawahi kumwona. Alisema hayo bila uchungu mwingi, kama mtu anayeeleza kovu. Lakini walipofika pale chemchemini, ambapo msichana anaagana na mchimba mawe kijana anayekwenda kazini Ufaransa, mkono wake ulikamata mkono wa Nives.

“Nitakungoja, Ernesto,” ilisema sauti nzuri ya Roma. “Hata ukichelewa.”

“Hapo,” Zelinda alisema. Kisha, kwa haya kidogo: “Inawezekana kurudisha?”

“Inawezekana, Mama. Hii ndiyo raha ya kuwa nayo nyumbani. Unarudisha mpaka uchoke.”

Alirudisha. Zelinda akauliza kama inawezekana kuondoa sauti. Nives akaondoa. Akauliza kama inawezekana iende taratibu. Nives alibonyeza rimoti, na msichana wa chemchemini akaanza kuzungumza polepole kabisa, bila sauti, akitazama si kijana aliye mbele yake bali mahali fulani nyuma ya bega la kijana huyo. Zelinda alifunika mdomo kwa mkono.

“Ivano,” alisema. “Mwite baba yako.”

“Mama, hatakuja. Unamjua.”

“Mwambie namwita mimi.”

Ivano alipotoka, Zelinda alimweleza Nives jambo ambalo, alisema, hakuwahi kumweleza mtu isipokuwa mmoja, na huyo mmoja hakumwamini.

Huyo aliyeigiza Ernesto alikuwa kinyozi wa Massa, kijana mzuri anayenuka mafuta ya nywele hadi ng'ambo ya uwanja. Siku ya kupiga picha chemchemini yeye, Zelinda, alishindwa kabisa kumtazama na kumwambia maneno yale. Akawa anacheka. Basi yule bwana wa Roma akamvuta pembeni, akamwambia: usimtazame kinyozi. Tazama juu ya bega lake, mtafute mtu ambaye wewe kweli ungemngoja, umwambie yeye. Na pale nyuma, miongoni mwa wachimba mawe waliokodiwa kuvuta nyaya za taa, alikuwa amesimama Oreste.

“Sikuwahi kumwambia kitu Oreste,” Zelinda alisema. “Nilikuwa naona haya kumpa hata maji. Siku hiyo nikamwambia, mbele ya kijiji kizima. Nilitaja jina lake. Lakini mashine ya umeme ilikuwa inanguruma, hakusikia mtu.”

“Naye?”

“Alikuwa anatazama nyaya zake.”

Nives hakuweza kujizuia, akacheka, na Zelinda akacheka pia. Kisha akaendelea. Sinema ilipofika Carrara, alimwomba Oreste waende pamoja. Alivaa viatu vya dada yake. Alikaa pembeni yake gizani akingoja ile saa, kwa sababu alijua kwamba sasa atasikia. Ikaja chemchemi. Na ule mdomo wake, mkubwa kama nyumba, ukaiambia dunia nzima kwa sauti ya mwanamke mwingine kwamba anamngoja Ernesto. Oreste alisimama akatoka kabla sinema haijaisha. Zelinda akamfuata mpaka nje, akamwambia: nilitaja jina lako, naapa. Naye akasema, nina masikio.

“Akanioa,” Zelinda alisema, “na tumeishi vizuri, sitaki kudanganya. Amenipenda. Lakini alinioa kama mtu aliyenisamehe, na mimi sikuwa na kosa.”

Mlango ulifunguka. Mzee Oreste aliingia na kofia mkononi, mifuko ya koti imejaa maharage, na nyuma yake Ivano, ambaye uso wake ulisema kwamba kazi ya kumleta haikuwa ndogo. Mzee alipoona televisheni alitaka kugeuka.

“Kaa,” Zelinda alimwambia. “Usisikilize. Tazama tu.”

Nives alirudisha. Mara ya kwanza mzee alitazama sakafu. Mara ya pili alitazama. Mara ya tatu alipapasa mifuko kutafuta miwani, maharage yakamwagika zuliani, na hakuna aliyeinama kuyaokota.

“Binti,” alimwambia Nives bila kuondoa macho kwenye kioo, “hamjaichezea hii? Nasikia siku hizi mitambo inaweza kila kitu.”

“Nimefuta vumbi na mikwaruzo, Mzee. Mdomo wa mtu siugusi.”

Mzee aliguna. Kisha akafanya jambo ambalo Nives atalikumbuka mpaka uzeeni. Alikwenda mbele ya kabati la vyombo, lenye kioo, akajitazama, na akatamka taratibu: “Ernesto.” Mdomo wake chini ya sharubu ulifunguka kwa upana. Akajitazama tena. “Oreste.” Mdomo ukawa duara. Akarudia majina yote mawili, moja baada ya jingine, makini kama mtoto anayejifunza herufi, huku mkewe na mwanawe wakimtazama. Kisha akarudi, akasimama karibu kabisa na televisheni.

“Rudisha.”

Nives alirudisha. Msichana wa chemchemini aliinua macho, akatazama juu ya bega la kinyozi, na mdomo wake, taratibu, ukafanya duara.

Mzee Oreste aliketi kwenye kochi, pembeni ya mkewe, kwa uzito wa jiwe linaloshushwa. Mkono wake wenye kidole kilichokatika ukatambaa juu ya kitambaa cha kochi mpaka ukaupata mkono wa Zelinda.

“Zelinda.”

“Naam.”

“Nina masikio.”

“Unayo.”

“Hayakunifaa kitu.”

Zelinda alilaza kichwa kwenye bega lake, naye akakiacha hapo, akitazama mbele, machozi yakimshuka kwenye sharubu bila yeye kujisumbua kuyafuta. Baadaye kidogo aliuliza kama yule mwanamke wa Roma bado yu hai, maana ana maneno mawili ya kumwambia. Ivano alisema kwamba kama yu hai atakuwa na miaka mia. Mzee akasema si neno, atazungumza kwa sauti kubwa. Hapo ndipo wote wakaangua kicheko, na hewa ya chumba ikawa nyepesi kama baada ya mvua.

“Haya,” Mzee Oreste alisema, akijifuta uso kwa kofia. “Lete hizo karatasi zako, mke wangu atie saini.”

Nives alihisi macho ya Ivano yamemgeukia. “Sina karatasi, Mzee.”

“Huna?”

“Sikuzibeba.”

Mzee alimtazama juu ya miwani. “Umetoka Bologna mpaka huku kuchukua sinema, bila karatasi?”

“Sikuja kuchukua sinema. Nilimletea Mama aione, basi.” Akavuta pumzi, na akasema lililobaki bila kumtazama mtu, kwa sababu angemtazama asingeweza. “Na nilikuja kwa ajili ya huyu mwanao, ambaye hajasema nami tangu kona ya tatu.”

Kisha Zelinda akamwambia mumewe, kwa sauti ya mtu anayejisemea, kwamba mtoto amerithi kichwa cha baba yake.

Mzee hakubisha. Alitaka kujua jambo jingine. Zelinda akitia saini, na watu wakinunua hiyo sinema, watasikia tena yule yule wa Roma? Nives alieleza kwamba diski inaweza kubeba sauti zaidi ya moja, na mtu nyumbani akachagua kwa kubonyeza. Sauti ya zamani itabaki, kwa sababu ndivyo sinema ilivyo. Lakini pembeni yake Mama Zelinda anaweza kuketi mbele ya kipaza sauti na kusema mwenyewe, kwa lugha ya Torano, maneno aliyoyasema kweli.

“Kwa sauti hii ya kizee?” Zelinda aliuliza.

“Kwa hiyo hiyo,” alijibu mumewe kabla ya mtu mwingine. Kisha akamwomba Nives aianzishe upya, tangu mwanzo, bila sauti. Alisema yeye aliondoka katikati na mpaka leo hajui kama yule Ernesto anarudi au harudi, na kwamba kijiji kizima kimemwogopa kiasi kwamba hakuna aliyethubutu kumwambia.

Nives aliianzisha, akawawekea rimoti katikati, na akatoka nje polepole kama mtu anayetoka kanisani.

Alikaa kwenye ngazi ya mawe mbele ya nyumba. Jua la alasiri lilikuwa limeujaza uwanja, na harufu ya keki ya wali inayopoa ilitoka dirishani. Ivano alikuja baada ya muda, akakaa ngazi ya chini yake, mgongo wake karibu na magoti ya Nives. Ndani, Zelinda alikuwa ameanza. Sauti yake ilisikika kupitia mlango, ya chini, yenye mikwaruzo, ikisema maneno ya msichana wa miaka kumi na saba kwa lugha ambayo Nives alishika nusu yake tu, na mara moja moja kicheko cha mzee.

“Ungeniambia,” Ivano alisema. “Kuhusu karatasi.”

“Ungeniuliza vizuri.”

“Nilikuuliza vizuri. Ukanyamaza.”

Nives aliokota punje ya harage iliyoanguka hapo ngazini kutoka mfukoni mwa mzee, akaizungusha vidoleni. Alimweleza kwamba kuna mtu Bologna, miaka iliyopita, ambaye yeye Nives alimjibu ndiyo kabla mtu huyo hajafika mwisho wa swali, na alichobaki nacho ni kadi za mwaliko wa harusi zilizojaa kabatini. Tangu hapo alijiapiza kwamba mwanaume akimuuliza jambo kubwa atahesabu kwanza kabla ya kujibu. Leo garini alitaka kuhesabu na akakuta jibu limeshafika mdomoni lenyewe, limekaa, linamngoja. Hilo ndilo lililomtisha. Hakunyamaza kwa sababu ya sinema.

Ivano aligeuka akamtazama. Vumbi jeupe lilikuwa bado kwenye nyusi zake, na Nives, ambaye alikuwa amejizuia mchana kutwa, alilifuta kwa kidole gumba, upande mmoja, kisha wa pili. Halikutoka. Ivano alishika kile kidole akakibusu.

“Mimi nilikuwa na hofu,” alisema. “Nilijiona kama daraja la kupitia. Naomba unisamehe.”

“Nimeshakusamehe. Wakati ule ulipofuta pua kwa mkono wa shati.”

“Uliona?”

“Niliona.”

Walicheka, paji la uso la Ivano limeegemea goti lake. Kisha Nives akamwinua kidevu.

“Niulize tena,” alimwambia.

Ivano alijiweka sawa, akakohoa, akajitia uzito wa sauti kama mtu mbele ya kasisi.

“Baba asipo—”

“Ndiyo,” Nives alisema.

“Sijamaliza.”

“Najua,” alisema, na akainama kumbusu.